Nilimlipa kocha wa Dota 2 anitafutie mwenye makosa, na kweli akampata

Naandika hii baada ya kumaliza vipindi vyote vitatu nilivyolipia, kwa hiyo sio yale ya mtu kafungua boksi jana leo anasifia. Huduma yenyewe ni ukocha wa gemu wa mtandaoni. Jina lao silitaji maana kuna sehemu ntawasema vibaya na sitaki kesi na mtu, ila wanafanya kazi kama wengi wa aina hiyo, unachagua gemu yako, unachagua kocha kwa kuangalia ranki yake, unalipia saa moja moja au kifurushi, mnaingia kwenye simu ya sauti, anashea skrini, mnaangalia mechi zako pamoja. Mi gemu yangu ni Dota 2, watu watano kwa watano, na mara nyingi nacheza keri, yani yule anayeachiwa dhahabu akue polepole ili baadae aje amalize kazi. Nilikuwa nimekwama Archon muda mrefu mpaka nikaanza kuamini ile medali nimegundishiwa. Kwa asiyejua medali ziko nane, Herald, Guardian, Crusader, Archon, Legend, Ancient, Divine, alafu Immortal kule juu kwa watu wasiolala. Archon ni katikati katikati, pale ambapo kila mtu anajua kucheza na hakuna anayejua kucheza.

Sasa sababu ya kutafuta kocha niseme ukweli, sikwenda kujifunza. Nilikwenda kutafuta shahidi. Nilikuwa nataka mtu mwenye ranki kubwa akae aangalie mechi zangu alafu aseme aisee kaka pole sana, hizi timu unazopewa hata mimi ningefungwa. Mshkaji wangu ninayecheza nae kila siku alikuwa ananiambia hivyo hivyo na mi namwambia hivyo hivyo, tunapeana pole usiku kucha na pointi zinashuka. Siku moja mdogo wangu amekaa pembeni na simu yake nasikia tu "kaka, mbona kila siku timu mbovu ni ya kwako?" Nikamfukuza chumbani. Lakini lile swali halikutoka nae.

Haya, kipindi cha kwanza. Kocha akaniambia nimtumie mechi tatu, nikachagua zile tatu ambazo timu yangu ilikuwa takataka kabisa, kuna moja sapoti, yani yule wa kumsaidia keri, alikufa mara 14, nikasema hii ndo ushahidi namba moja. Jamaa akafungua riplei, yani rekodi ya mechi, na kitu cha kwanza alichofanya sikukielewa mpaka baadae. Kwenye riplei ya Dota ukiingia tu unaona ramani nzima, maadui wote wako uchi, unaona nani kajificha kwenye miti gani. Yeye akabadilisha ikawa inaonyesha kile tu ambacho timu yangu ilikuwa inakiona wakati ule, giza likarudi sehemu yake. Alafu akaweka kamera ya kwangu mwenyewe, ile inayoonyesha mpaka kimshale cha mausi yangu kilikuwa kinaenda wapi. Akasema hatutakuhukumu kwa vitu ambavyo hukuviona, tutakuhukumu kwa ulivyoviona. Nikaona kama ananipendelea. Kumbe ndo alikuwa ananifungia mlango wa kutokea, maana ukiangalia na ramani yote wazi utasema tu "ah ningejuaje kama wapo pale", ila ukiangalia na macho yako yale yale ya siku ile unakuta maadui wanne hawaonekani popote kwa sekunde 20 na wewe unatembea peke yako kuelekea mtoni kama umetumwa maji.

Dakika ya tatu sapoti wangu akafa kizembe, nikaruka.

"Umeona? Umeona huyo kaenda kufa mwenyewe?"

"Nimemuona kaka," akasema. "Ila yeye hajanilipa."

Nikanyamaza. Na hapo ndo akaweka sheria, kwamba kwa muda wote wa vipindi vyetu nina ruhusa ya kumzungumzia mtu mmoja tu kati ya kumi waliomo kwenye mechi. Nikaona utoto, ila we jaribu kuangalia mechi uliyofungwa dakika 41 bila kumtaja mwenzako hata mmoja. Ni kama kufunga, mate yanakujaa mdomoni.

Tukahesabu vitu. Kripu, vile vijeshi vidogo vinavyoshuka kwenye leni, yani njia za ramani, vinakuja kila sekunde 30, na wimbi moja mwanzoni lina vinne. Kwa hiyo dakika kumi za mwanzo leni moja inakuletea kama 80 za adui bila kuhesabu za msituni. Na dhahabu yake unaipata ukipiga pigo la mwisho tu, ukichelewa kidogo imekwenda. Mimi nilikuwa nimechukua 34. Nikasema leni ilikuwa ngumu, walikuwa wananipiga. Akarudisha nyuma akaanza kunionyesha zile ambazo hakuna aliyekuwa ananipiga, niko mwenyewe, amani kabisa, na napitwa. Moja, mbili, tano, tisa, kumi na moja. Kwenye hizo kumi na moja hakuna sapoti, hakuna adui, hakuna mtandao, ni mimi na mkono wangu.

Alafu ikaja ile iliyoniumiza kuliko zote. Kuna sehemu hiro wangu, yani mhusika ninayemchezesha, amesimama tu, hafanyi kitu. Akauliza "hapa ulikuwa unafanya nini?" Nikaangalia nikajua papo hapo, ila nikasema sikumbuki. Akasogeza mbele kidogo, kasimama tena sekunde 7, mbele tena 9. "Na hapa?" Nilikuwa naandika. Nilikuwa naandika kwenye chati kumwambia sapoti jinsi alivyo mjinga, sentensi kamili zenye koma. Akajumlisha ndani ya dakika 20 za mwanzo nilisimama kuandika zaidi ya dakika moja na nusu, yani mawimbi matatu ya kripu nimeyatoa sadaka ili mtu nisiyemjua ajue nimemkasirikia. Na yule sapoti baada ya hapo ndo akazidi kufa, kati ya vile vifo 14, tisa vilikuja baada ya matusi yangu. Siwezi kusema mi ndo nilimuua ila siwezi pia kusema sihusiki.

Kwa kipindi cha kwanza peke yake nampa nyota tano na nusu kama ipo.

Kazi ya nyumbani akanipa hii. Mechi yoyote ninayofungwa, kila nilipokufa niandike sentensi moja kwa nini nimekufa. Rahisi eh. Nikacheza, nikafungwa, nimekufa mara tisa, nikaandika tisa zangu nikamtumia. Akacheka mpaka maiki ikakoroma. Akasema mbaazi huyu amekosa maua mara tisa na jua limelaumiwa mara nane. Kweli bana nilipoisoma tena ilikuwa "sapoti hakuweka wodi", "midi hakusema adui wake hayupo", "walinikimbia", "pingi ilipanda", hivyo hivyo mpaka chini. (Midi ni yule wa leni ya kati, na pingi ikipanda maana yake mtandao unachelewa.) (Wodi ni yale macho unayopanda kwenye ramani ili uone adui akipita, sio ya hospitali, ingawa mimi zote mbili zingenifaa.) Akanirudishia nianze kila sentensi na "mi". Sasa hapo ndo unaona ugumu, maana "sapoti hakuweka wodi" ukiigeuza inakuwa "mi niliona hamna wodi kwenye ramani na nikaenda hivyo hivyo". Alafu akanikumbusha wodi za kuonea hazina hata bei, zinakaa dukani bure, mtu yeyote kwenye timu anazichukua, na ikishapandwa inakaa dakika 6. Sijawahi kupanda hata moja kwa mechi zote nilizomtumia. Nilikuwa nadhani ni kama kufagia, kuna mtu wake.

Kipindi cha pili kilikuwa cha maneno zaidi, na hapa ndo tulibishana. Akaniletea ile hesabu maarufu ambayo mtu yeyote anayecheza gemu za timu ashaisikia: kama wajinga wamegawanywa ovyo ovyo, timu ya adui ina viti vitano vya kukaliwa na mjinga, timu yako ina vinne, maana kimoja umekalia wewe. Kwa hiyo ukicheza mechi nyingi hao wajinga wanakusaidia kuliko wanavyokuumiza, na mtu pekee aliyekuwepo kwenye mechi zako zote ni wewe. Sawa nimekubali, ila nikamwambia kocha hesabu yako ina tundu, inafanya kazi kama mi sio mjinga. Akasema ndo maana umenilipa. Sina la kuongeza hapo.

Lakini nilimbana kwenye kitu kingine na alikubali. Hiyo hesabu ni ya polepole mno na watu hawasemi. Tuchukulie umekuwa bora kweli kweli, sasa unashinda 55 kati ya 100, ambayo kwa gemu ya watu kumi ni nzuri sana. Kwa mechi 20 hiyo ni kushinda 11 na kufungwa 9. Nani ataona tofauti ya 11 na 9? Wiki moja ya bahati mbaya inaifuta yote. Mechi 100 ndo unapata ziada ya ushindi 10, na kila ushindi ni kama pointi 25 hivi, ni 250, kwa mechi 100 za dakika arobaini arobaini. Ndo maana mtu anajirekebisha wiki mbili, anaangalia pointi ziko pale pale, anasema unaona, ni timu, anarudi kwenye matusi. Kocha akasema basi usiangalie pointi, angalia kitu ambacho hakuna mwenzako anayeweza kukuharibia, kama kripu za dakika ya kumi, au vifo ulivyokufa peke yako mbali na timu. Chagua kimoja, sio saba, mechi 20 unakiangalia hicho tu hata ukifungwa zote. Hii kwangu ndo ilikuwa na thamani kubwa kuliko mbinu zozote za hiro gani anunue kitu gani.

Nikajaribu na upande wa umoja, nikamwambia mbona timu ya OG 2018 walichukua The International, yani kombe la dunia la Dota, kwa umoja, wachezaji wawili wamewakimbia miezi michache kabla, wakapitia mchujo wa wazi kama watoto wa mtaani, wakabeba, na 2019 wakabeba tena, hakuna timu iliwahi kurudia kabla yao, sasa utaniambiaje timu sio kitu? Akasema sijasema timu sio kitu, nimesema wale walikuwa wanakaa pamoja wanafahamiana, wewe wako umekutana nao dakika kumi zilizopita na hutawaona tena maisha yako yote, kwa hiyo kwenye timu yako kuna kitu kimoja tu unaweza kukifanyia mazoezi kesho asubuhi. Nikaona jibu zuri ila pia nikaona kalijibu mara nyingi, limeshakuwa laini kama sabuni iliyokwisha.

Sasa tuje kipindi cha tatu ambacho kimefanya nipunguze nyota. Kwanza alichelewa dakika 20 na saa ikaisha pale pale, hakufidia. Pili kule kwake kulikuwa na feni sijui jenereta, nusu ya maneno nimeyakisia. Tatu wakanitumia "mpango maalum kwa ajili yako" ambao ndani yake kuna ushauri wa kucheza midi. Mi sichezi midi. Ni wazi wanamtumia kila mtu karatasi ile ile. Nikawaandikia wahusika wa huduma, wakanijibu na kifungu cha maneno ya adabu na punguzo la kifurushi cha vipindi kumi, yani nalalamika chai baridi naongezewa chai baridi.

Na kuna kitu kikubwa kuliko hivyo. Kwenye mechi moja mwenzetu alikatika mtandao dakika ya sita hakurudi, tukacheza wanne. Kocha bado akaanza "sawa, ila wewe ungefanya nini". Nikamwambia hapana mkuu, hapa sasa umeipenda sana sheria yako. Kujibebesha kila kitu ni ugonjwa uleule umegeuzwa nguo, nimewaona watu wa hivyo, anafungwa anasema "samahani wote ni mimi" kila mechi na kesho anarudia kosa lilelile, kwa sababu kusema ni mimi bila kusema nilifanya nini dakika ya ngapi ni kelele tu kama za kulaumu. Mechi zingine zinaenda, huna cha kufanya, unaenda kulala. Alibisha kidogo alafu akasema sawa, tuiache hiyo, na tukapoteza dakika saba nyingine.

Ila hata hicho kipindi kibovu kilinipa vitu viwili sitavisahau. Cha kwanza Aegis. Ukimuua Roshan, lile dubwana kubwa la ramani, unapata Aegis, ukifa unafufuka hapo hapo, na inadumu dakika 5 tu alafu inapotea. Kwenye mechi nyingine tulimuua Roshan, mi nikabeba Aegis, na nikakumbuka vizuri kabisa kwamba timu "ilikataa kusukuma". Riplei inaonyesha nini? Dakika nne kati ya tano nilikuwa msituni nachinja wanyama mwenyewe. Wenzangu wamesimama mbele ya mnara wa adui wananisubiri, mmoja anagonga gonga ramani kuniita, mi niko na nguruwe. Aegis ikaisha. Na nilikuwa nimewaripoti wawili.

Cha pili baibeki, yani kulipa dhahabu ufufuke bila kusubiri, mechi ileile dakika ya 38. Nimekufa, timu wanne wakafa wakilinda ngome, tukafungwa, na kumbukumbu yangu inasema "wamekufa wote kama kuku". Sekunde 40 kabla nilikuwa nimenunua kitu kikubwa nikabaki na dhahabu kidogo, kwa hiyo sikuweza kujinunua nirudi. Ningesubiri ningekuwa navyo vyote. Kocha hakusema neno, aliiachia tu riplei itembee na kimshale changu kikaonekana kinazunguka zunguka pale kwenye kitufe cha baibeki ambacho hakiwaki. Nilijisikia vibaya sana kukiangalia kile kimshale.

Pia alinifundisha kuongea, hii niseme haraka. Badala ya "mbona hamji?" unasema "baada ya sekunde 20 naenda Roshan, ninyi wawili simameni mtoni". Ya kwanza ni lawama, ya pili mtu anaweza kuitii. Nusu hawatatii, ila nusu wanakuja na zamani hata mmoja alikuwa haji.

Matokeo basi kwa wale wanaosoma mwisho tu. Tangu kipindi cha kwanza nimecheza mechi 60, nimeshinda 33 nimefungwa 27, nimepanda nyota moja, yani ngazi ndogo ya medali, ndani ya Archon ileile. Najua sio picha ya kuweka kwenye tangazo. Lakini kripu zangu za dakika ya kumi zimetoka thelathini na kitu mpaka hamsini na kitu kwenye mechi nyingi, na chati nimeifunga kabisa, na mshkaji wangu ninayecheza nae amenikasirikia kidogo maana sahivi akianza "umeona huyu midi" namuuliza we ulikuwa wapi. Anasema nimekuwa mlokole. Labda.

Je ulipie? Hapa ndo naona wengi mtanichukia, maana kazi kubwa aliyofanya huyu jamaa ni vitu ambavyo viko bure ndani ya gemu. Riplei unaishusha mwenyewe kwenye orodha ya mechi zako, kamera ya mchezaji ipo, giza unaliweka mwenyewe, unaweza kuongeza kasi sehemu za kuboa, na tovuti ya OpenDota inakuchorea bure kripu zako, dhahabu na vifo dakika kwa dakika. Tofauti ni kwamba nilikuwa navyo vyote hivyo miaka na nilikuwa naangalia riplei za makosa ya wenzangu tu, namfuata sapoti kwa kamera yake kama mpelelezi. Nililipia mtu wa kushika kichwa changu akigeuze. Kama una rafiki asiyekuonea aibu, mpe hiyo kazi, mwambie kila ukitaja mtu mwingine asimamishe video. Asiwe yule mnayecheza wote, huyo ni mshtakiwa mwenzio.

Nyota nne kwa kocha, mbili kwa huduma yao, kifurushi cha kumi sichukui. Na ukiamua kujaribu chukua saa moja tu kwanza, usipeleke mechi uliyofungwa ukajua ulicheza vibaya, hiyo utakubali kila kitu mtamaliza dakika kumi. Peleka ile unayoisimulia kwa watu, ile ambayo una uhakika ulicheza kama mfalme wakakuangusha.